Visanduku Mia Moja Themanini na Sita

Chumba cha Kumbukumbu, Chuo cha Ufundi
3 Novemba

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama ile dawa ya sikio unaitia au unaiangalia tu. Ningekupigia simu, ila mara ya mwisho nilikuuliza nenosiri la kompyuta, ukanijibu kwamba umeshakula na umeshiba. Basi nimeona niandike. Barua atakuletea dereva wa chuo, kwa kuwa anakuja mjini kwenu mara mbili kwa wiki kuchukua vifaa vya karakana.

Mjomba, maji yamenifika shingoni. Nimefungua ile faili yako ya vyeti, ile inayosoma orodha na kumtengenezea kila mhitimu cheti chake. Majina yanakuja. Fani zinakuja. Picha hakuna. Pale panapotakiwa kuwa na uso wa mtu pana kisanduku cheupe chenye X nyekundu, na maneno kwamba picha iliyounganishwa haiwezi kuonyeshwa, huenda imehamishwa, imebadilishwa jina au imefutwa. Wahitimu ni mia moja themanini na sita, na visanduku ni hivyo hivyo. Hata sahihi ya Mkuu wa Chuo imekuwa kisanduku.

Kuwapiga picha upya siwezi. Wote wametawanyika kwenye mafunzo ya kazini na watarudi asubuhi ya mahafali yenyewe, tarehe 22. Uliyewapiga ni wewe, kabla hujastaafu. Hizo picha ziko wapi?

Hali yangu unaijua. Miezi yangu sita ya majaribio inaisha mwisho wa mwezi huu. Jana Mkuu alisimama mlangoni akasema: "Vyeti vikitoka safi, unabaki na kazi. Visipotoka, tutaagana vizuri tu." Kwa sauti yake ilivyo, hiyo "vizuri tu" mlinzi aliisikia getini. Kazi hii naitaka, mjomba. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Mpwa wako

*

Nyumbani kwa binti yangu
5 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Dawa natia. Mwambie mama yako aache kunipeleleza.

Kwanza pumua. Watu wengi wanadhani picha wanayoiona kwenye ukurasa imo ndani ya ukurasa. Haimo! Mimi sikuwahi kubandika picha humo, maana faili ingevimba na kompyuta ile ya zamani ingekata roho. Nilichoweka ni kiungo, yaani maelekezo tu: pita njia hii, ingia folda hii, mchukue fulani. Faili inakwenda kugonga mlango. Ikikuta wenyewe wamehama, inarudi mikono mitupu na kukuchorea kisanduku. Usiilaumu, imetumwa tu.

Dawa yake ni hii. Shika Ctrl na A ili uchague kila kitu, kisha bonyeza F9. Hapo unaiambia faili iende ikaulize tena. Nimefanya hivyo miaka kumi na minane na mahafali hayajawahi kuchelewa hata saa moja, muulize mtu yeyote hapo chuoni. Hivi wananiuliziaulizia?

Mimi huku niko salama. Binti yangu na mkwe wangu hawataki niguse kitu. Nimepewa kazi ya kumwagilia maua matatu kila asubuhi, na nikimaliza naangalia saa, naona ni saa mbili na robo. Mchana nasoma maandishi ya nyuma ya makopo.

Mkuu usimwambie kwamba umeniandikia. Akikuuliza, sema unashughulikia viungo.

Mjomba wako

Kuhusu picha ziko wapi, hilo tutazungumza.

*

Chumba cha Kumbukumbu
8 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Nimebonyeza F9 mpaka kitufe kimeanza kulegea. Faili inakwenda, inauliza, inarudi na visanduku vile vile.

Basi nikajiongeza. Nilikuta kwenye kompyuta folda inaitwa PICHA ZA KUJARIBIA, na ndani yake mna picha moja tu. Nikasema tuanze na hiyo, nyingine labda zitafuata. Nikabofya kisanduku kwenye kiolezo cha cheti, ule ukurasa wa mfano, nikachagua kubadilisha picha, nikaelekeza huko. Kisanduku kikapotea! Nilipiga kigelegele hadi mhasibu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Nakiri kwamba sikutazama vizuri kwa sababu ya furaha. Nikaiamuru printa ichape.

Aliyeona kwanza ni Mkuu, maana aliingia akaziokota karatasi za juu. "Huyu ni nani?" Nikamjibu ni mhitimu wa ushonaji. "Na huyu?" Uchomeleaji. "Na huyu?" Ndipo na mimi nikatazama. Mjomba, ni wewe. Umevaa ile tai ya mistari na umekunja uso kama mtu anayengoja kuitwa na daktari wa meno. Umehitimu ushonaji, uchomeleaji, umeme wa majumbani, useremala na upishi, kwa siku moja, kwa majina tisa, manne kati yake ya kike.

Karatasi zenye nembo zililetwa mia mbili. Nimeharibu tisa, kwa hiyo nikiharibu nyingine sita tu, kuna mhitimu atarudi kwao na bahasha tupu. Mkuu hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Alinipa hadi tarehe 18.

Nakuomba, mjomba, zile picha zenyewe ziko wapi?

Mpwa wako

*

Nyumbani kwa binti yangu
10 Novemba

Mpwa wangu,

Nimecheka hadi binti yangu amekuja mbio na glasi ya maji, akidhani napaliwa. Tafadhali kile cheti cha upishi usikichane. Niletee. Hapa nyumbani kuna watu wanasema mimi siwezi kuchemsha maji, na nimechoka kubishana nao bila ushahidi.

Sasa habari ya picha. Zilikuwa kwenye ile flashi yangu, na flashi yenyewe, katika pilikapilika za kuhama, sikumbuki niliiweka wapi. Ni umri, mwanangu. Pengine ilitupwa pamoja na magazeti. Ninavyoona mimi, njia nzuri ni Mkuu aniandikie rasmi. Nikija hapo siku mbili tatu, nikakaa kwenye kile kiti changu, bila shaka nitakumbuka.

Jambo moja nakuonya, na hili si mzaha. Usije ukabonyeza Alt na F9 kwa pamoja. Ctrl sawa, Alt hapana. Hiyo ni ya wataalamu, inaweza kuvuruga mtambo mzima.

Mjomba wako

*

Chumba cha Kumbukumbu
13 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Nimebonyeza Alt na F9.

Mtambo haukuvurugika. Visanduku vyote viligeuka maandishi, na kila kimoja kikaanika njia yake waziwazi. Sasa najua kwa nini kwenye ile orodha ya wahitimu uliificha safu ya tatu. Nilidhani picha umezipa namba za usajili, kumbe kila mwanafunzi umempachika jina! Yule kijana wa umeme anayechelewa kila siku ni E:\WAHITIMU\NAKUJA_SASA_HIVI. Yule dada wa ushonaji mwenye maringo ni SIKUONI. Yupo ANAJUA_YOTE, yupo NIAZIME_KALAMU, yupo CHAI_KWANZA. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, nikashuka hivyo hivyo hadi kwenye sahihi ya Mkuu: E:\SAINI\KINGORA. Hapo nikaacha kucheka na nikaenda kufunga mlango.

Kwa hiyo sababu ya kunikataza naijua. Nisichokielewa ni kingine. E si kompyuta, mjomba. E ni flashi. Na dereva, ambaye hana habari na lolote, ameniambia kwamba kila akija anakukuta kibarazani na kiflashi chako cha kamba nyekundu shingoni, unakifuta kwa shati. Magazeti yametupwa, flashi haijatupwa.

Mimi nilikuwa nakuja kukaa kando ya kiti hicho kila likizo tangu niko darasa la nne. Ni wewe uliyenifundisha kuchapa bila kutazama vidole. Ungeniambia hutaki kunipa, ningeumia lakini ningejua la kufanya. Badala yake umejitia hamnazo, umeniacha nahangaika siku kumi, na siku zenyewe ninazo chache. Kwa nini? Nauliza bila hasira. Hapana, nauliza kwa hasira.

Mpwa wako, mpaka sasa

*

Ofisi ya Mkuu wa Chuo
14 Novemba

Kwa Mtunza Kumbukumbu Mstaafu,

YAH: OMBI LA KUREJEA KAZINI KWA MKATABA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua hii nimeiandika kwa mkono ili isipite kwenye chumba kinachohusika.

Ofisi imepokea vyeti tisa vyenye sura yako. Ofisi haina ugomvi na sura yako, ila haina kumbukumbu yoyote ya wewe kusomea ushonaji.

Mahafali ni tarehe 22. Mpwa wako ana bidii, hilo silikatai, lakini picha ameshindwa kuzirejesha na mimi siwezi kusimama mbele ya wazazi nikigawa visanduku. Nimekata shauri kukuomba urudi kwa mkataba wa mwaka mmoja kuanzia tarehe 18. Meza yako ipo na kiti chako kipo. Yeye nitamruhusu aende mwisho wa mwezi. Nitamweleza mwenyewe, kwa hiyo naomba jibu lije kwangu peke yangu.

Nimalize kwa kukiri kwamba ofisi haikujua ni mambo mangapi yalikuwa yakikutegemea wewe hadi ulipoondoka.

Mkuu wa Chuo

*

Nyumbani kwa binti yangu
16 Novemba

Mheshimiwa Mkuu,

Barua yako nimeisoma mara sita. Mara tatu za mwanzo niliisoma kwa furaha. Nilivaa hadi tai. Binti yangu akaniuliza nakwenda wapi, nikamjibu, kazini. Kisha nikasoma barua ya mpwa wangu iliyokuja na dereva huyo huyo, nikaivua tai.

Kurudi, sirudi. Na picha hazikupotea, ninazo mimi. Niliondoka nazo kwa makusudi. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya usalama, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri siku mtakayosema bila mimi hamuwezi. Sasa umesema, na umesema vizuri, na sikupata utamu nilioutarajia.

Mpwa wangu hajashindwa kitu. Angewezaje kurejesha picha wakati nimezivaa shingoni? Alitafuta kila mahali pa kutafutia, na kila alipokaribia nilimpoteza njia, mimi mjomba wake. Ukimwondoa utakuwa umemwadhibu mtu mwingine. Kazi hiyo anaiweza kuliko nilivyoiweza mimi nikiwa na umri wake, na nadhani kuliko ninavyoiweza sasa.

Liko jambo moja zaidi, na ni heri ulisikie kwangu. Faili zangu nilizipa majina ya utani. Faili ya sahihi yako inaitwa KINGORA. Niliiita hivyo mwaka wako wa kwanza, asubuhi ile ulipowaita wanafunzi wote wa karakana bila kutoka ofisini mwako. Jina ni langu peke yangu. Mpwa wangu hajawahi kulitamka. Kama kuna barua ya onyo, anwani yangu unayo.

Mtunza Kumbukumbu, mstaafu kwelikweli safari hii

*

Nyumbani kwa binti yangu
16 Novemba

Mwanangu,

Flashi ndiyo hii, nimeifunga kwenye kitambaa. Kamba nimebaki nayo, mkono umezoea kuishika.

Ichomeke, hakikisha kompyuta imeipa herufi E, tengeneza vyeti, kisha Ctrl na A, kisha F9. Wote watatokea, kila mtu na uso wake. Ukishawaona, fanya jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya. Chagua kila kitu tena, halafu bonyeza Ctrl, Shift na F9 kwa pamoja. Hapo viungo vyote vinakatika na picha zinabaki ndani ya faili yenyewe. Baada ya hapo haitahitaji flashi, wala folda, wala mimi. Kompyuta hizi mpya zina nguvu, hazitazidiwa. Vitufe hivyo nilivijua siku zote. Nilivikwepa.

Umeniuliza kwa nini. Nimejaribu kulijibu swali lako kwa namna ya kunipendezesha, nimeshindwa. Niliogopa kusahauliwa, basi. Nilizoea mtu afungue mlango aseme "tumekwama", na mimi nisimame. Hapa hakuna anayekwama. Barua yako ya kwanza ilipofika nilifurahi, mpwa wangu, nilifurahi kwamba umekwama, na sikufikiri kwamba anayekwama ni wewe, na kwamba una kazi ya kupoteza. Niliposoma "mpaka sasa" pale chini ya barua yako, niliingia chumbani nikakaa. Nisamehe.

Badilisha majina yote kabla mtu mwingine hajayaona, ukianza na CHAI_KWANZA. Baba yake ni polisi. Mkuu nimemwandikia na nimemweleza kila kitu, pamoja na king'ora. Ukisikia ukuta unatetemeka, ujue amefika huko.

Mjomba wako

*

Chumba cha Kumbukumbu
24 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ukuta haukutetemeka.

Mkuu alikuja hadi mezani kwangu na barua yako mkononi, akafunga mlango, akainama, akaniuliza kwa kunong'ona: "Mimi ni king'ora?" Alijitahidi sana kunong'ona. Kabla sijajibu, mhasibu wa chumba cha pili alipasuka kicheko, akajifanya anakohoa. Mkuu akautazama ukuta, kisha akaniuliza Mkuu aliyemtangulia aliitwaje. Sikuwa na jinsi, flashi ilikuwa imechomekwa tayari. Nikamwonyesha. GARI_HALIWAKI. Mjomba, Mkuu alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akajifuta macho akasema, "Nilikuwa nakuachisha kazi kwa kukosa kitu ambacho mjomba wako alikivaa shingoni." Ndipo nikajua kumbe nilishaachishwa na sikuwa na habari.

Vyeti vilitoka tarehe 18 kabla ya saa sita mchana. Vyote mia moja themanini na sita, na karatasi tano za akiba ziko kabatini. Nilikaa nikazitazama nyuso zile moja moja, kila mtu na jina lake, na nilipobonyeza Ctrl, Shift na F9 niliichomoa flashi huku nimefumba macho. Nilipoyafumbua, bado walikuwepo. Siku ya mahafali NAKUJA_SASA_HIVI alichelewa, akaitwa wa mwisho. Majina nimeshayabadilisha kwenye faili, lakini kichwani kwangu yamegoma kutoka, na hilo nakulaumu.

Hasira yangu ilidumu siku mbili na nusu. Ingedumu zaidi, ila niliisoma barua yako pale pa "nilifurahi kwamba umekwama" na nikaona kwamba hukujipendezesha hata kidogo. Nimekusamehe, mjomba. Usirudie tena.

Leo asubuhi Mkuu aliniagiza niandike barua ya kunithibitisha kazini, niiandike mimi mwenyewe kwa kuwa hana mchapaji mwingine. Nikatumia kiolezo chako cha barua za ajira. Nikachapa, nikampelekea, akaisoma hadi chini, na pale pa sahihi pana kisanduku cheupe chenye X nyekundu. Kiolezo kilikwenda kumtafuta KINGORA, na mimi nilishambadilisha jina. Nikamwambia naomba dakika mbili nirekebishe kiungo. Akasema hapana, hii haitiwi na mashine. Akachukua kalamu yake, akaandika jina lake lote juu ya kile kisanduku, polepole, akikandamiza hadi wino ukatokea nyuma ya karatasi. Kisha akanipa mkono, na nililia mbele yake, sikuona haya.

Jioni hii nimepitia faili zako zote za ofisi. Nimekata viungo vyote. Nimetafuta angalau kimoja kilichonishinda nikuulize, nimekosa. Hakuna kilichoharibika huku, mjomba. Nakuandikia tu. Dereva nimemwambia asirudi bila jibu lako.

Mpwa wako,
Mtunza Kumbukumbu